Jinsi Nilivyokuwa Mkunga Mjini Sevani

Wako watakaosema nchi hii haipo. Sitabishana nao. Nitaeleza niliyoyaona na niliyoambiwa, na mwenye kutaka kukanusha akanushe nikishamaliza.

Mji wa Sevani umezungukwa na ukuta mmoja mrefu wenye lango moja tu. Nilifika hapo kumtazama dada yangu, Mwatime, aliyeolewa huko na Feruzi, mtengeneza viti. Alikuwa na mimba ya kwanza na miezi yake ilikuwa imetimia. Mama yetu alishafariki, baba miguu haimbebi tena, kwa hiyo nilitumwa mimi, kaka mtu, na agizo moja: dada yako asijifungue akiwa hana mtu wake.

Langoni nilikuta maofisa wawili wamepeana mgongo. Upande wa kushoto alikuwepo bibi mmoja juu ya kigoda, anatafuna tambuu taratibu. Huyo anaitwa Bi Kizingiti. Upande wa kulia, juu ya jukwaa la mbao, alisimama bwana mnene mwenye bendera mbili, nyeupe na nyekundu. Huyo ni Bwana Kilima.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Shaibu, wa Pwaga."

Alinitazama kuanzia kofia hadi ndara, bila haraka, kama mtu anayechagua nazi. "Sikujui," akasema. "Nenda kwa huyo."

Kwetu neno hilo lingeleta ugomvi. Huko Sevani si tusi, ni kauli ya kiofisa. Bi Kizingiti anamjua kila mtu aliyezaliwa ndani ya ukuta ule, kwa sura, kwa sauti, na kwa neno la siri ambalo kila mmoja humnong'oneza sikioni, nalo huliita nywila. Haandiki kitu. Asiyekuwamo kichwani mwake hupelekwa kwa Bwana Kilima, ambaye yeye hamjui mtu yeyote hata mmoja, na wala haoni aibu kwa hilo. Kazi yake ni kuuliza. Mbali sana, rangi ya samawati, kuna kilima kiitwacho Saraka, na juu yake wanakaa wajuzi waliohifadhi moyoni majina ya watu wa miji sita mingine ya Muungano, pamoja na Pwaga kwetu. Bwana Kilima hupunga bendera zake, wajuzi nao hupunga za kwao, na hivyo mtu hujulikana.

"Nipe nywila yako," akaniambia. Nikamnong'oneza. Akanyoosha mikono na kuanza kuipunga herufi baada ya herufi, mbele ya barabara nzima.

Nikamuuliza kama hakuna hatari wapita njia wakaisoma.

"Wapita njia wa hapa wana adabu," akajibu.

Baada ya kitambo Kilima kikajibu. Bwana Kilima akateremsha bendera na kunitangazia kwa sauti ya harusini: "Shaibu wa Pwaga anajulikana! Nambari yake ni elfu moja na nne!"

Ndivyo nilivyoingia, na ndivyo mkasa wangu ulivyoanza.

Inafaa nieleze mambo ya nambari. Milango ya Sevani haijui majina. Kila nyumba, kila kisima na kila jiko la umma lina bawabu wake, na mabawabu hao huuliza nambari tu. Jina ni la kuitania mtu barabarani. Nambari ndogo wamepewa watumishi wa mji: Mfagizi, Mwasha Taa, Mpiga Kengele na wenzao, ambao huishi ndani na wamekatazwa kabisa kupita langoni. Nilizungumza na Mpiga Kengele. Hajawahi kuuona upande wa nje wa ukuta anaoulinda kwa kengele yake, na aliniuliza kama ni kweli ng'ombe ana miguu minne. Yupo pia Bwana Hakuna, mpole sana, ambaye vitu vyote visivyo na mwenyewe huhesabiwa kuwa vyake. Yeye mwenyewe haruhusiwi kugusa chochote.

Na yupo Mama Mzizi. Nambari yake ni sifuri. Ndani ya ukuta hakuna mlango unaomuuliza swali. Nilitegemea kuona malkia, nikaona mama mfupi mwenye mikono iliyolowa, maana siku zote anazibua bomba fulani.

Watu wengine wote huanzia elfu moja kwenda juu. Bi Kizingiti huwapa wenyeji nambari kuanzia elfu moja. Wajuzi wa Kilima huwapa watu wao nambari kuanzia elfu moja vilevile. Niliuliza kama pande hizo mbili huwa zinashauriana. Nilijibiwa kwamba zinaheshimiana mno kiasi cha kutosemeshana.

Mgeni akiingia mara ya kwanza, wajenzi wa mji humkimbilia na miti na makuti, wakamjengea chumba papo hapo kwa kufuata chumba cha mfano: mkeka mmoja, mtungi mmoja, kigoda kimoja, na ukutani kibao cha maneno ya kumkaribisha. Nami niliwaona wakija mbio. Kiongozi wao akaniuliza nambari. Nilipomtajia, akawaashiria wenzake washushe miti.

"Huyu nyumba anayo tayari," akasema, akanipeleka kwenye nyumba ya mlango wa bluu karibu na kisima. Bawabu akainuka, akainama.

"Karibu nyumbani, Bi Raya."

Niligeuka kutazama nyuma yangu. Hakuwepo mtu.

Ndani nilimkuta mwanamke wa makamo, mpana, amepiga magoti anafunga mkoba wa ngozi. Alikuwa Bi Raya Makame, mkunga mkuu wa mji, mjane asiye na maneno mengi.

"Nani wewe?"

"Samahani, bibi. Nimeambiwa hii ni nyumba yangu."

"Nambari yako?"

"Elfu moja na nne."

Akakaa chini pale pale sakafuni, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kumbe ndiye mimi," akasema. "Haya, mie mwenzangu, umekula?"

"Bado."

"Basi pole. Mimi nimeshakula."

Sikumwelewa mpaka nilipokwenda jiko la umma. Bawabu akanirudisha: elfu moja na nne keshachukua uji wake. Kwenye hamamu nikaambiwa nimeshaoga. Kwa upande mwingine, mabaharia wawili walinisimamisha njiani wakanishukuru kwa machozi kwa pacha niliowazalishia wake zao, na mama mmoja akanilaumu kwa kutokuja kumwangalia kitovu cha mwanawe. Bawabu wa Bi Raya alinifungulia kabati lake la dawa bila kusita. Yeye alipomwambia asinifungulie, bawabu akashangaa: mtu anawezaje kujikataza mwenyewe?

"Mimi sina tatizo nawe," Bi Raya aliniambia jioni hiyo tukigawana sahani moja ya wali, maana mabawabu walitambua sahani moja tu. "Unaonekana mtu wa heshima. Lakini mji umempa ufunguo wangu mtu nisiyemchagua. Leo wewe, kesho nani? Kabati lile lina dawa za kuokoa na dawa za kuua, na sura za chupa ni zile zile."

Nilikwenda kwa dada yangu. Bawabu wa Feruzi akatangaza, "Mkunga amefika!" Mwatime akatoka chumbani kwa mwendo wa bata, mkono kiunoni. Aliponiona akaanza kupiga kelele ya furaha, kisha akasikia tena nilivyotangazwa, akacheka akishikilia mlango.

"Kaka, usinichekeshe. Nitazalia hapa hapa."

"Bi Raya ndiye anakuhudumia?"

"Ndiye. Na namtaka yeye. Usidhani nambari itakufundisha kazi."

Basi tukaenda, mimi na Bi Raya, kushtaki mbele ya Baraza, kwa Mheshimiwa Mpangilio. Huyu ndiye waziri wa utaratibu wa lango, bwana msafi mwenye kilemba kilichofungwa vizuri kupita kiasi. Tulilazimika kungoja, kwa sababu Baraza lilikuwa katikati ya mjadala uliodumu muda mrefu kuliko utawala wa baadhi ya wafalme: mtu akifika langoni, aulizwe nani kwanza?

Chama cha Kizingiti Kwanza kilisema mwenyeji hapaswi kungoja bendera za mbali ili aingie kwao. Chama cha Kilima Kwanza kilisema dunia imekwenda mbele, miji sita mingine inauliza Kilima, na ni fedheha kwa Sevani kumtegemea bibi mmoja na tambuu yake. Lilikuwepo pia kundi dogo lililotaka Kilima Peke Yake, na Bi Kizingiti apewe zawadi ya kanga akapumzike. Msemaji wa kundi hilo alizungumza kwa ufasaha sana. Baadaye niligundua kwamba hajawahi kutoka nje ya lango, kwa hiyo hajawahi kuhitaji kurudi.

Ilipofika zamu yetu, Mheshimiwa Mpangilio alitusikiliza kwa makini, akafumba macho, akayafumbua.

"Sheria inasema nambari moja, mtu mmoja. Nambari yenu ni ngapi?"

"Elfu moja na nne," tukajibu sote.

"Umesikika. Basi wewe ni mtu mmoja, na mtu hawezi kujishtaki. Kesi haipo."

"Mheshimiwa," Bi Raya akasema, "kati yetu huyo mtu mmoja ni yupi?"

"Hayo ni mambo yako ya ndani, Bi Raya," akajibu, akinitazama mimi.

Baraza likarudi kwenye mjadala wake, na mchana huo huo, nadhani kwa sababu ya njaa, likapiga kura. Kilima Kwanza wakashinda. Kuanzia siku hiyo kila mtu angeulizwa kwa Kilima, na Bi Kizingiti asifungue mdomo mpaka Kilima kiseme kwa bendera kwamba hakimjui mtu huyo. Ili kuonyesha imani, wakuu wote wa mji majina yao yalipelekwa Saraka, na Bi Kizingiti akaamriwa awasahau. Mama Mzizi pia.

"Nitawasahau vipi?" Bi Kizingiti akauliza. Walikuwa wamemleta na kigoda chake.

"Kwa kiapo," akasema Mheshimiwa Mpangilio.

Akaapa. Mama Mzizi aliinua mkono wake uliolowa.

"Mheshimiwa, siku Kilima kikinyamaza nitaingiaje?"

"Kilima hakijawahi kunyamaza."

"Hakijawahi kuulizwa na kila mtu."

Baadhi ya wajumbe wakacheka. Hoja yake haikupelekwa mbele.

Haikupita hata wiki. Asubuhi moja Bi Raya alitoka alfajiri kwenda mashambani, nje ya ukuta, kumwangalia mke wa mkulima. Wenyeji wengi walikuwa wametoka pia kuvuna kunde. Mama Mzizi alifuata bomba lililopasuka huko juu kwenye chemchemi. Na ukungu ukashuka. Sijawahi kuona ukungu wa namna ile, mzito kama tui la kwanza. Kilima cha Saraka kikatoweka chote, kama hakijawahi kuwepo.

Mimi nilikuwa nimekaa barazani kwa Bi Raya, nafurahia kwamba siku hiyo uji nimeuwahi mimi, nilipomwona Feruzi akija mbio bila viatu.

"Shemeji! Mwatime ameshikwa na uchungu. Twende!"

"Feruzi, mimi si mkunga."

"Najua! Si ndiyo maana nalia?" Kweli alikuwa analia. "Nimekwenda kumwita mkunga wa mtaa wa pili. Bawabu wake kakataa kumtoa. Kasema elfu moja na nne yuko nyumbani na hana udhuru, na ni marufuku kuita mkunga wa pili, wa kwanza akiwapo."

Tulikimbia. Mwatime alikuwa kwenye mkeka, jasho linamtiririka, na jirani yake Bi Mize amemshika mabega. Bi Mize amezaa watoto wanane na si mtu wa kutishika, lakini alinivuta pembeni akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto anatanguliza miguu. Mimi siwezi hili. Hili ni la Raya."

Dada yangu alinishika kiganja, akakibana mpaka mifupa ikalia. "Kaka, kaniletee Bi Raya. Si wewe. Yule mwingine."

Sikumbuki njia niliyopita. Nakumbuka lango tu. Nje, ndani ya ukungu, ulikuwepo msururu wa watu na vikapu vya kunde, kichwa baada ya kichwa mpaka macho yanaishia. Mbele kabisa alisimama Bi Raya na mkoba wake kichwani. Nyuma yake Mama Mzizi. Nyuma ya Mama Mzizi, ajabu, Mheshimiwa Mpangilio mwenyewe, aliyetoka kuukagua ukungu na sasa anawahimiza watu wasimame kwa mpangilio. Bi Kizingiti alikuwa kwenye kigoda chake, midomo imefungwa. Na juu ya jukwaa, Bwana Kilima alikuwa anapunga bendera kuuelekea weupe, jasho likimtoka mpaka kwenye viwiko.

"Fungua!" nikampigia kelele. "Dada yangu anazaa!"

"Nimeshauliza," akajibu akihema. "Nangoja jibu."

"Hakuna kinachoonekana! Hawakuoni!"

"Kilima hakijakataa. Kingesema hakimjui, ningempeleka kwa Bi Kizingiti sasa hivi, ndiyo sheria. Lakini hakijasema hakimjui. Kimenyamaza. Kunyamaza si kukataa."

"Utangoja mpaka lini?"

Hapo alisita, na niliona kwamba swali hilo lilikuwa linamtafuna yeye kabla yangu. "Sheria haikusema," akajibu.

Bi Raya alinyoosha shingo. "Shaibu, ni Mwatime?"

"Ni yeye. Miguu imetangulia."

Uso wake ukabadilika. Hakupiga kelele. Alianza tu kukunja mikono ya gauni lake, pale pale nje ya lango, kama mtu ambaye kazi imeshaanza.

Kitendo kile kilinitia wazimu, au kilinipa akili. Sijui ni kipi.

"Bwana Kilima," nikasema, "mimi ni nani?"

"Wewe ni elfu moja na nne. Umo ndani."

"Mtu akishaingia huulizwa tena?"

"Haulizwi."

"Baraza lilisema elfu moja na nne ni watu wangapi?"

"Ni mmoja," akasema, na bendera zikaanza kushuka polepole.

"Basi huyo aliye nje mwenye mkoba ni mimi, Bwana. Nimeingia nusu, nusu imebaki nje. Sheria inasemaje kuhusu kumbana mtu katikati kwa lango?"

Bwana Kilima akamgeukia Mheshimiwa Mpangilio kule kwenye msururu. Mheshimiwa akagusa kilemba chake.

"Kesi ile nilisema haipo," akasema.

"Kesi haipo," nikajibu, "lakini mtu mmoja ulisema yupo."

Bwana Kilima alimtazama Bi Raya kwa muda, na kwa mara ya kwanza nikamwona anamtazama mtu badala ya upeo. "Huyu ndiye aliyemzalisha mke wangu," akasema, si kwa yeyote. Kisha akaziweka bendera chini.

"Piteni," akasema, halafu akajirekebisha haraka: "Pita."

Bi Raya alipita. Sikujua kwamba mwili ule unaweza kukimbia vile.

Nilikuwa nageuka kumfuata nilipomsikia Bi Kizingiti akitema tambuu.

"Mzizi, ingia," akasema.

"Kiapo chako, Bi Kizingiti!" akafoka Mheshimiwa Mpangilio.

"Niliapa kwa mdomo. Macho hayakuapa." Akawageukia waliokuwa kwenye msururu na kuanza kuwaita mmoja mmoja kwa majina yao, na kila mmoja aliinama akamnong'oneza nywila yake, akapita na kikapu chake. Watu wa miji mingine, ambao hawajui, aliwaomba radhi na kuagiza waletewe kahawa pale nje. Ilipofika zamu ya Mheshimiwa Mpangilio, alimtazama kwa muda mrefu sana.

"Sura si ngeni," akasema mwishowe. "Lakini wewe uliomba nikusahau, mwanangu. Kilima kitakujua."

Waziri alikunywa kahawa na wageni mpaka ukungu ulipoondoka. Wanasema alikunywa vikombe vingi.

Haya nilihadithiwa. Mimi nilikuwa uani kwa Feruzi, tumekaa juu ya viti vyake ambavyo havijamalizwa, kila kimoja kina mguu mmoja pungufu, kwa hiyo tulikuwa tunayumba wote wawili. Kutoka chumbani tulisikia sauti ya Bi Raya, tulivu, ikitoa amri fupi fupi. Tukasikia sauti ya Mwatime, ambayo sikutaka kuisikia na sitaisahau. Kisha kimya. Feruzi alisimama. Mimi nilibaki kitini. Niliwaza baba, na jinsi nitakavyomwambia.

Halafu kilio. Kidogo, chembamba, chenye hasira.

Bi Raya alitoka akijifuta mikono. Alionekana mzee kuliko asubuhi. "Tumezalisha," akaniambia. "Mimi na wewe. Ni binti." Kisha akakaa kwenye kimojawapo cha viti vile, kikaanguka naye, na ndipo sote tukacheka na kulia kwa pamoja.

Baraza lilikaa tena. Safari hii Mama Mzizi hakuinua mkono, alisimama tu akasema, na maji yalidondoka sakafuni kutoka kwenye vidole vyake wakati wote aliokuwa akisema. Akataka Bi Kizingiti aulizwe kwanza, na asiowajua yeye ndio wapelekwe kwa Kilima. Kilima kikinyamaza kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, Bwana Kilima aache kungoja, na wale ambao Kilima kilishawajibia siku za karibuni awakumbuke mwenyewe na kuwapitisha. Hapo Bwana Kilima aliona haya kama bwana harusi. Kumbe muda wote alikuwa anawakumbuka kwa siri. Kuhusu yeye Mama Mzizi, pamoja na Mfagizi na Mpiga Kengele na wenzao, alitaka wajulikane na Bi Kizingiti peke yake na majina yao yasipande Kilima kamwe. Na wajuzi wa Saraka waanze kuhesabu watu wao kutoka laki moja kwenda juu, ili nambari zisikutane tena.

Yote yalipitishwa. Vyama vyote viwili vilitangaza ushindi na kuchinja mbuzi. Jambo moja tu lilibaki, la bendera kusomwa na wapita njia. Wengine walitaka Bwana Kilima apunge ndani ya pazia. Wengine walisema pazia litaonyesha kwamba tunawashuku wapita njia. Nilipoondoka walikuwa bado wanabishana kuhusu rangi ya pazia.

Mimi nilipewa nambari mpya. Wajenzi wakaja tena mbio na miti yao, na kabla sijamaliza kikombe nilikuwa na chumba: mkeka, mtungi, kigoda, kibao. Nikaenda kwa Bi Raya kuchukua begi langu. Bawabu akanizuia mlangoni.

"Begi hili ni la elfu moja na nne."

"Ndiyo, lilikuwa langu nilipokuwa elfu moja na nne."

"Basi si lako tena."

Shati langu, kitana changu, hata barua ya baba vilikuwa vimekuwa mali ya Bi Raya, naye alisimama pale akinihurumia huku akijizuia kucheka. Ikabidi aitwe Mama Mzizi. Alikuja, akagusa kitu kimoja kimoja kwa kidole chake kilicholowa, akisema, "Cha Shaibu. Cha Shaibu. Hiki nacho cha Shaibu." Bawabu akaniachia. Shati langu lilikuwa limelowa madoa madoa.

Likabaki la mtoto. Chama cha Kilima kilituma mjumbe na bendera ndogo, eti kitoto kitambulishwe Saraka mapema. Akamwuliza Mwatime nywila ya binti yake.

"Hana neno hata moja, nywila ataipata wapi?" dada yangu akamjibu, akarudi kunyonyesha.

Mjumbe alikuwa bado anafikiria jibu la kiofisa tuliposikia minong'ono barabarani. Nikachungulia. Bi Kizingiti alikuwa anakuja kwa miguu. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona amesimama, na wapo waliompisha bila kumtambua, kwa jinsi alivyokuwa mfupi. Kigoda chake alikiacha langoni, na Bwana Kilima anamwangalizia.

Bawabu wa Feruzi hakujua amuulize nini. Bibi aliingia, akavua ndara, akainama juu ya mkeka.

"Mgeuze kwenye mwanga," akamwambia Mwatime.

Mwatime akamgeuza. Bi Kizingiti akatazama: paji la uso, masikio, ngumi mbili zilizokunjwa, alama nyekundu kwenye kifundo cha mguu uliotangulia kuja duniani. Akatazama kwa muda ambao hakuna aliyethubutu kuukatiza. Mtoto akapiga chafya.

"Haya, mama," akasema bibi yule. "Nimekujua."

Kisha akaomba maji ya kunywa, akatafuta pa kukaa.